Kulijenga Gari Kuukuu la Chama: Kipi Kitangulie?

Vyama vingi vya msingi katika Mkoa wa Tanga vinahudumia wakulima waishio mahali ambapo lori halifiki mwaka mzima. Iliki na karafuu za Amani, mboga za Lushoto, machungwa ya Muheza na korosho za Pangani hutoka shambani kwa njia za udongo. Wakati wa masika, yaani tangu Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa milima ya Usambara huteleza mno, na kule pwani mchanga humeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Kwa sababu hiyo chama kinapojaliwa kupata gari kuukuu linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, aghalabu Land Rover ya zamani, wanachama hufurahi sana. Lakini furaha hiyo ina hatari yake. Kila mtu hutaka kuona kitu kipya juu ya gari, hali vitu vinavyoonekana kwa urahisi ndivyo vinavyostahili kununuliwa mwisho.

Yafaa kwanza kulifahamu gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa mabati ya alumini na kukalishwa juu ya fremu ya chuma. Mtindo huo uliendelea hata katika Series III, iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Jambo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi, kwa kuwa alumini haifanyi kutu kama chuma. Gari huweza kung'aa kwa rangi mpya huku fremu yake imekwisha.

Fremu hiyo ni ya mabomba ya pembe nne, yenye uwazi ndani. Maji na matope yenye chumvi yakiingia humo huila kutoka ndani kwenda nje, na gari lililokaa miaka mingi Tanga mjini au Pangani limevuta hewa ya bahari usiku na mchana. Fundi alale chini ya gari na kuigonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa mahali springi zinaposhikwa na kwenye boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Ikiwa kuoza kumeenea, halmashauri isitoe hata shilingi moja kununua kifaa kingine kabla ya kuamua kama fremu itatengenezwa au gari litaachwa. Uamuzi wa kuliacha ni mchungu kwa watu waliokwisha kuchangishana, lakini gharama yake huwa ndogo kuliko ile ya kujenga juu ya uozo.

Fremu ikiwa salama, zamu ni ya breki. Tuchukue mfano wa chama kilicho juu milimani, ambacho gari lake hushuka na magunia kwenda Muheza. Halmashauri imekutana baada ya gari kuzama matopeni mara mbili, na Mwenyekiti anapendekeza fedha za msimu zinunue winchi. Dereva anaitwa atoe maoni yake, naye anasema, "Mzee Mwenyekiti, shikamoo. Winchi itanitoa nikizama. Nikiteremka na mzigo na watu, nani atanizuia?"

Swali la dereva huyo ndilo kiini cha somo hili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Katika mteremko mrefu breki hupata joto kali, maji yaliyomo katika mafuta huchemka na kuwa mvuke, na kanyagio huzama hadi chini pasipo gari kushikwa. Kwa hiyo mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hata kama hayakupungua, na mipira na mabomba yake yakaguliwe. Hata breki zikiwa nzima, dereva ateremke kwa gia nzito ili injini ilizuie gari. Katika Series III, kitasa cha manjano kikishindiliwa, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Mkono wenye kitasa chekundu ukivutwa nyuma, gari huingia katika gia nzito. Wapo madereva waliotumia gari hilo miaka mingi bila kugusa vitasa hivyo, na wengine hawaviondoi hata kwenye lami, jambo ambalo huzikaza na kuziharibu gia.

Baada ya breki ifuatie rejeta pamoja na mkanda wa feni na mipira ya maji, kwani kupanda Usambara na mzigo huchemsha injini. Kisha difu. Gari lenye difu ya moto likiingia mtoni, hewa iliyo ndani hupoa ghafla na kuvuta maji. Oili ikionekana nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia, nayo imwagwe siku hiyo hiyo. Tundu la kupumulia la difu likiungwa mpira na kupandishwa juu, hatari hupungua sana. Kazi hiyo hugharimu fedha kidogo.

Tairi zenye meno makubwa hufaa matopeni. Mchangani dawa ni kupunguza upepo na kwenda polepole, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi barabarani. Pampu ya mkono basi isikosekane. Winchi na kichanja cha juu ndivyo vya mwisho. Winchi huzilemea springi za mbele, na mzigo wa juu huweza kulipindua gari kwenye njia ya ubavuni mwa mlima.

Katibu naye ana kazi yake. Afungue daftari la gari, lionyeshe kila safari, kila lita na kila kifaa. Oili, mafuta ya breki na mkanda ni matumizi ya mwaka. Fremu mpya au injini mpya huongeza thamani ya mali, nayo iingie katika hesabu za mali na kukatwa uchakavu mwaka hadi mwaka. Katibu akichanganya mambo haya mawili, mizania itawadanganya wanachama. Kila hatua iwemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu; ikiwa ni ya mkopo, isivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Kabla ya mkutano ujao wa halmashauri, katibu, dereva na fundi walikague gari la chama chini yake na kuandika yote waliyoyaona. Wanachama wasomewe taarifa hiyo, kisha wajadili: fedha zikitosha kwa kazi moja tu kabla ya masika, iwe ipi, na gari libebe nini mpaka kazi ya pili ifanyike?