Lau Kennedy Angalishindwa

Huku Afrika ya Mashariki wako wazee ambao bado humtaja John Kennedy kwa upendo, na husema: "Asingalishinda yeye mwaka wa 1960, vijana wetu wasingalikwenda kusoma Marekani." Leo twapenda kulipima neno hilo pamoja na wasomaji wetu, kwa maana hiyo "ngali" ya lugha yetu ni chombo chema kwa mwenye kukitumia taratibu, na ni mtego kwa mwenye pupa.

Tuanze na hesabu. Tarehe 8 Novemba, 1960, watu wapata milioni 68 walipiga kura, na Kennedy akampita Richard Nixon kwa kura zisizotimia 120,000. Lakini huko Rais hapatikani kwa jumla ya kura za watu. Kila jimbo (twasema jimbo la serikali, si la Askofu) lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua, na ashindaye jimboni kwa kawaida huwachukua wote. Kennedy alipata wajumbe 303, Nixon 219, na 15 wakampa kura Seneta Byrd. Mshindi alihitaji 269.

Katika Illinois Kennedy alishinda kwa kura 8,858 tu, na manung'uniko juu ya kura za Chicago hayajakoma mpaka leo. Wako wasemao kwamba Illinois ndiyo iliyompa urais. Haya, mwondolee wajumbe 27 wa Illinois: abaki na 276, naye bado ni Rais. Hapana budi kumwondolea Texas pia, yenye wajumbe 24, alikoshinda kwa kura kama 46,000. Hapo ndipo Nixon afikapo 270. Kwa hiyo watu 28,000 wa majimbo hayo mawili, kama wangaligeuza nia zao, wangaligeuza na mambo yote.

Tulitafakari hilo, maana latuhusu. Mwaka wa 1928 Mkatoliki Al Smith alishindwa vibaya na Hoover, na wengi wakasema kwamba Marekani haimtaki Mkatoliki. Kennedy naye, Septemba 1960, ilimbidi aende Houston kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti kwamba Papa hatamwamrisha katika kazi ya serikali. Lau hao 28,000 wangaligeuka, watu wangalisema: Mkatoliki amekataliwa mara ya pili. Kumbe waliogeuka wasingalifika hata mmoja katika kila wapiga kura elfu mbili! Taifa lingalikuwa lile lile, na mioyo ya watu ile ile. Basi walioshangilia kana kwamba chuki ya dini ilizikwa usiku ule walijipa faraja kuliko hesabu ilivyoruhusu. Mkatoliki wa pili, Joe Biden, alichaguliwa mwaka wa 2020, baada ya miaka sitini.

Na wanafunzi wetu? Tom Mboya alimwendea Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port mwezi wa Julai 1960, Kennedy akiwa mgombea tu. Mfuko wa jamaa ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Upande wa Nixon nao haukulala: Wizara ya Mambo ya Nje, iliyokuwa imekataa kutoa nauli, ikageuka ikajitolea kulipa. Ndege zikawafikisha vijana huko mwezi wa Septemba, kabla ya kura kupigwa. Tena kundi la kwanza, vijana 81, lilikuwa limekwisha kwenda mwaka wa 1959. Wazee wetu watuwie radhi.

Liko jambo moja ambalo pengine tungalilikosa. Mwezi wa Oktoba 1960, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Kennedy aliwauliza wanafunzi kama wako tayari kwenda kufanya kazi katika nchi za mbali. Nixon alilibeza wazo hilo. Mwaka wa 1961 likawa Peace Corps, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake: wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba, waliokuja kusaidia kazi ya barabara.