Kompyuta zinazopotea kwenye seva ya masasisho

SWALI: Ofisini tuliweka Windows kwenye kompyuta 20 kwa kunakili diski ya mashine moja. Zote zinafanya kazi, lakini seva yetu ya masasisho, WSUS, inaonyesha chache tu. Leo hii, kesho ile. Je, tatizo ni mtandao?

JIBU: Sidhani. Dalili hii inaelekeza kwenye kunakili. Kila kompyuta hujitambulisha kwa WSUS kwa namba yake ya pekee, SusClientId, iliyohifadhiwa kwenye rejista ya Windows. Mliponakili diski, namba nayo ilinakiliwa. Seva inadhani ni mashine moja, na kila inayoripoti huchukua nafasi ya iliyotangulia. Hatari ni kwamba hutajua kompyuta ipi imekosa sasisho la usalama.

Kwenye kila kompyuta iliyonakiliwa, ingia kama msimamizi na usimamishe huduma ya Windows Update (wuauserv). Hifadhi nakala ya rejista, kisha nenda HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate, ufute SusClientId na SusClientIdValidation pekee. Washa huduma tena na uendeshe amri hii kwenye PowerShell:

(New-Object -ComObject Microsoft.Update.AutoUpdate).DetectNow()

Namba mpya itajiunda yenyewe. Ipe seva muda, kwani kompyuta hazitajitokeza zote papo hapo.

Siku nyingine, kabla ya kunakili, endesha Sysprep, zana ya Windows ya kuondoa utambulisho wa mashine, kwa chaguo la /generalize kwenye mashine mama, uizime, na usiiwashe mpaka umalize kunakili. Usiruke hatua hiyo hata kama kazi ni ya haraka.