Kukubali Kutawadhwa

Jumatano

Soma Yohana 13:4–10. Petro alifanya makosa gani mawili Yesu alipomjia na maji na kitambaa?

Kosa la kwanza twalijua sote: Petro alikataa. Hakuona kuwa inafaa Bwana wake ainame mbele yake. Machoni petu huo waweza kuonekana unyenyekevu, lakini Yesu alimwonya kwamba asipokubali kuoshwa hana sehemu pamoja naye. Hivyo kupokea nako ni utii. Ndiyo maana katika Huduma ya Unyenyekevu hakuna anayeosha tu. Kila mmoja wetu huketi pia, akavua kiatu na kunyoosha mguu.

Nyumbani kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu jambo hili huwa gumu zaidi. Mfikirie mama mwenye moyo dhaifu, kijana mwenye selimundu, au baba anayesafishwa damu kwa sababu ya figo. Akiketi kanisani huonekana mzima. Lakini nguvu zake za siku ni chache, na zikiisha hazirudi kwa usingizi wa usiku mmoja. Ijumaa, Siku ya Maandalio, yule mama huchota maji, hufua, hupika chakula cha Sabato na kupiga pasi nguo za watoto. Jua linapotua kazi zimekwisha, na nguvu zake nazo zimekwisha. Sabato asubuhi watoto huja kanisani peke yao. Baada ya majuma machache twaanza kunong'ona kwamba dada yetu amepoa kiroho. Hajapoa. Nguvu ambazo zingemfikisha kanisani ziliishia kwenye ndoo na pasi.

Soma Yakobo 5:14. Ni nani anayeagizwa kuchukua hatua ya kwanza?

Ni mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye awaite wazee. Wengi hawaiti kwa sababu ya aibu, au kwa kuogopa kwamba mambo ya nyumbani mwao yatatangazwa, au kwa kudhani kuwa kuomba msaada ni kupungukiwa na imani. Lakini Eliya alipochoka kabisa, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili (1 Fal. 19:5–8). Mwaka 1892, akiwa Australia, Ellen White aliugua kwa miezi mingi, viungo vikimuuma hata akashindwa kutembea vizuri. Wasaidizi walimhudumia nyumbani, na nguvu chache alizobaki nazo alizitumia kuandika. Kazi aliyoiendeleza wakati huo juu ya maisha ya Kristo ilitoka mwaka 1898 katika kitabu Tumaini la Vizazi Vyote. Kama angetaka kufanya kila kazi ya nyumba mwenyewe, kalamu ingelala.

Kosa la pili la Petro ni la upande mwingine. Alipokubali, alitaka aoshwe na mikono na kichwa pia. Yesu alimwekea mpaka: miguu yatosha. Msaada nao una kipimo chake. Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo, kisha muda mfupi baadaye anasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe (Gal. 6:2, 5). Kuchota maji na kufua mablanketi kwaweza kuwa mzigo wa kubebewa. Kuamua watoto wale nini, nani aingie chumbani na fedha zitumikeje, huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Tusimnyang'anye.

Basi, anayekwenda kusaidia na aulize kwanza, "Ni kazi gani moja inayokuchosha kuliko zote?" Aifanye hiyo, siku ileile kila juma, ili mgonjwa ajue jinsi ya kupanga nguvu zake. Asiyasimulie aliyoyaona. Wageni kumi wakija kumwombea, naye akainuka kuwapikia chai, wamemwacha amechoka kuliko walivyomkuta. Ni heri waje wawili, mmoja aombe na mwingine aoshe vyombo.

Pengine familia italazimika kuajiri msaidizi wa nyumbani. Kanisa laweza kuchangia ujira huo, kama linavyochangia dawa. Lakini tukumbuke kwamba amri ya nne inamtaja mtumishi pia (Kut. 20:10), na ujira uliozuiliwa humlilia Bwana (Yak. 5:4). Pumziko la mgonjwa lisinunuliwe kwa kumnyima pumziko mwingine. Siku ya Sabato darasa ligawane zamu ya kumwangalia mgonjwa, ili msaidizi naye apumzike.

Petro aliyekataa kuoshwa ndiye baadaye aliyetumwa kulisha kondoo. Kwanza alijifunza kuketi na kunyoosha mguu.

Kama wewe ni mgonjwa, ni kazi gani moja utakayoikabidhi kwa mwingine kabla ya Ijumaa hii, na ni kwa ajili ya jambo gani utazitunza nguvu hizo? Kama una afya, ni nani katika darasa lako ambaye kutokuja kwake umekuelewa vibaya? Panga na wenzako mtakachomuuliza, na ni nani atakayekwenda.