Trela la mbao na masika ya Morogoro

Fundi,

Mwaka jana nilijitengenezea trela dogo la kulala safarini, la kuvutwa na gari letu. Chesisi nilichomelewa hapa mjini. Boksi nimelipiga mwenyewe kwa plaiwudi ya marini ya milimita 12, nikalipaka vanishi mikono mitatu ili mbao ionekane. Masika haya limekaa nje. Sasa vanishi ya paani inabanduka, na chini, pale ubao unapokalia chesisi, pamekuwa peusi na plaiwudi imefura. Seremala anasema nizungushie silikoni kila mahali. Shemeji anasema nilivike bati lote. Mzee mmoja wa Bagamoyo anasema nilipake sifa, yale mafuta ya papa, kama jahazi. Nimsikilize nani? Mke wangu naye anauliza: ni lazima lipakwe rangi? Analipenda lilivyo.

Mwenye trela, Morogoro

Bwana,

Washauri wako wote watatu wanakutakia mema, ila wanahangaika na uso wa ubao, na maji hayakuingilia usoni. Plaiwudi ukishaipitisha msumeno, nyuzi zake zinabaki wazi ukingoni kote, na hapo ndipo inapokunywa maji upesi kuliko mahali pengine popote. Mvua inatiririka ukutani, inatuama juu ya chuma cha chesisi, na ukingo wa chini wa ubao unakaa kwenye hayo maji masika yote. Ni kweli gundi ya plaiwudi ya marini haiachii kwa maji. Mbao yenyewe inaoza kama mbao nyingine.

Nimefurahi kusikia mbao yako inaonekana, maana yake hukuuziwa zile mbao za kumwagia zege zenye ngozi nyeusi inayoteleza, ambazo madukani nazo huitwa marini bodi. Rangi haishiki juu ya ile ngozi, na ubao wake ukiukata mara nyingi utakuta mapengo ndani.

Umeandika kwa wakati. Hiki ni kipupwe, na kazi ya kwanza ni kukausha, wala usifungue kopo lolote kabla ya hapo. Ukiziba ubao mbichi umeufungia maji ndani. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kuendelea na kazi yao unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, kwa hiyo jua la Juni na Julai ndilo dawa ya bei rahisi kuliko zote. Kama boksi umelifunga kwa bolti, linyanyue juu ya chesisi uweke vipande vya matofali katikati. Nimesema matofali, siyo magogo. Mchwa wa Morogoro unawajua. Kwangua vanishi yote iliyolegea, kisha chukua bisibisi uchome kila penye weusi. Panapopokea bisibisi bila ubishi, kata mpaka ufike kwenye mbao ngumu, upachike kipande kipya kwa gundi. Weusi ulio juu juu tu, msasa unatosha.

Utajuaje kuwa limekauka? Bandika kipande cha nailoni ubaoni, kizibe kwa selotepu pande zote nne, ukiache kutwa nzima juani. Ukikuta matone upande wa ndani, subiri.

Sasa kingo. Hapa usibane pesa. Tafuta epoksi kwa watu wanaotengeneza boti za faiba, na usikubali kupewa ile resini ya poliesta yenye harufu kali inayojengea matangi. Ni rahisi, lakini mshiko wake kwenye mbao si wa kudumu. Epoksi ina makopo mawili, na kipimo cha kuchanganya kimeandikwa hapo hapo: kifuate. Wapo wanaozidisha kigumisho wakidhani itakauka haraka, wakaishia na kitu kinachonata maisha. Changanya kidogo kidogo, maana kwenye joto kikombe kikijaa kinachemka chenyewe na kuganda mkononi. Na paka jioni. Asubuhi ubao unapopata joto, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoa mapovu kwenye epoksi. Jioni ubao unapoa, hewa inasinyaa, nao unaivuta epoksi ndani. Ukingo utaona unameza mkono wa kwanza wote na kubaki mkavu. Ongeza wa pili, hata wa tatu, mpaka ung'ae.

Matundu ya skrubu nayo ni kingo, kwa sababu kila tundu limepasua matabaka yote. Ng'oa skrubu za bawaba, za taa na za dirisha. Tanua tundu kwa keekee, lijaze epoksi, likishaganda toboa upya katikati yake kwa kipimo cha skrubu. Skrubu sasa inauma epoksi, haigusi mbao hata kidogo. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na wengi huiruka.

Unaporudisha boksi, usilikalishe tena moja kwa moja juu ya chuma. Weka vipande vya mpira mzito penye kila bolti ili maji na hewa vipite katikati. Kama kuta zinaweza kushuka chini ya sakafu sentimita mbili tatu, zishushe, maji yadondokee nje ya chesisi. Paani ongeza ubao mwembamba unaotokeza mbele ya ukuta, na upande wake wa chini uchonge mfereji mdogo. Tone likifika hapo linakatika na kuanguka badala ya kurudi ukutani.

Kuhusu paa na kuta, ukiwa na uwezo funika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi. Kama huna, ipo njia ya kimaskini inayotumiwa sana na wajenga trela wa Marekani, nayo naipenda: kitambaa kizito cha pamba, na marekani nzito inafaa, kinagundishwa juu ya plaiwudi kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, kisha kinalowekwa rangi ya maji ya nje ya nyumba, mkono juu ya mkono, mpaka nyuzi zisionekane. Gundi itafute yenye alama ya D3, au D4 iliyo bora zaidi. Ile nyeupe ya kawaida ya mafundi sofa italainika mvua ya kwanza. Kitambaa kikunje juu ya kona kisifike mwisho penye kiungo, maana barabara zetu zitakifungua kiungo hicho kwa mtikisiko.

Mwambie mkeo pole, lakini ndiyo, lipakwe. Vanishi ya kawaida haina cha kuzuia jua. Mionzi inapenya mpaka kwenye mbao na kuichakaza pale pale inapoishikilia vanishi, ndipo inapobanduka. Epoksi nayo bila rangi juu yake huharibiwa na jua. Rangi nyeupe au ya maziwa paani na kuta zote, na mlango tu uachwe na mbao yake kwa ajili ya mkeo, kwa vanishi ya boti, mikono mitano au sita, wa kwanza ukizimuliwa nusu kwa tapentaini. Mlango huo utaupiga msasa na kuupaka kila mwaka. Trela zima la namna hiyo sikushauri.

Silikoni: hapana. Rangi haishiki juu yake, na yenyewe ikiachia upande mmoja, silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Kwenye viungo tumia kizibio cha poliurethani, kinachonyumbuka na kupakika rangi. Chini ya fremu ya dirisha na taa weka utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaokandika.

Mzee wa Bagamoyo usimcheke. Sifa na kalafati vimelinda majahazi vizazi na vizazi, ila jahazi linakaa majini, mbao zake zimevimba muda wote na kubana zenyewe, na wenyewe hulipaka tena na tena. Trela lako linaloa leo, kesho linaungua jua. Tena harufu ya mafuta ya papa usiku mbugani Mikumi itakuletea wageni usiowaalika. Na bati? Linafaa paani tu, ukiliachia nafasi ya hewa chini yake. Likibanwa juu ya ubao, usiku linatoa jasho upande wa ndani, na hutaona chochote hadi sakafu ikubonyee mguuni.

Jasho la ndani pia lipo: mkilala wanne mmefunga kila kitu, asubuhi kuta zitakuwa zimelowa kwa pumzi zenu. Toboa tundu moja chini na jingine juu upande wa pili, yote yawe na wavu wa mbu.

Rangi ikishakauka, mwite kijana mmoja aingie ndani na tochi. Wewe shika mpira wa maji nje, anza chini, ukae dakika kadhaa mahali pamoja kabla ya kupanda. Ukianzia juu maji yatatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Akipiga kelele, weka alama ya chaki hapo. Rudia kila mwaka kabla ya vuli, na bisibisi yako ile ile ipite ukingo wa chini wote.