Kusahau kwa Wazee: Maji ya Uti wa Mgongo Yanaonyesha Nini

Mzee anayeuza vyondo katika soko la Kariokor akianza kukosea chenji na kupotea njia ya nyumbani, majirani husema ni uzee tu. Huenda ni dimensia. Chanzo chake kikuu kimojawapo ni mishipa midogo ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na presha.

Daktari bingwa anaweza kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano kiunoni. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, protini ya amiloidi hupungua katika maji hayo, na ya tau huongezeka. Mishipa ikivuja, albumini ya damu hupenya na kuzidi humo. Lakini albumini peke yake haitoshi, kwani hata maambukizi huiongeza. Madhara ya mishipa huonekana vizuri zaidi kwa picha ya MRI. Wazee wengi huwa na magonjwa yote mawili.

Kupima presha ni rahisi zaidi, hata hivyo utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulikuta 56% ya Wakenya hawajawahi kupimwa. Anayempeleka mzee kliniki abebe dawa zake zote, na aeleze kusahau kulianza lini. Kukija ghafla, pamoja na mdomo kupinda au mkono kulegea, akimbizwe hospitali mara moja.