Mahitaji Ni Mengi, Wewe Ni Mmoja: Kung'amua Utumishi wa Kimisionari Ng'ambo



Masomo ya kutafakari: Mk 1:32-39, Mdo 16:6-10, Flp 1:9-11

Nikiwa mwaka wa mwisho wa falsafa, seminarini kwetu walipita wageni watatu ndani ya muhula mmoja. Wa kwanza alikuwa padre mmisionari kutoka Amerika ya Kusini. Alitusimulia habari za vijiji vya kando ya mto ambavyo humwona padre mara moja tu kwa mwaka. Wa pili alikuwa sista anayeishi na wakimbizi kambini. Wa tatu, padre Mwafrika anayefanya utume Ulaya, alituonyesha picha za makanisa makubwa mazuri, ndani yake wazee wachache na viti vitupu.

Kila aliposimama mmoja wao, nilisema moyoni, "Basi, ni huku. Bwana ananiita huku." Muhula ulipoisha nilikuwa nimeshaitwa mabara matatu! Na nyumbani paroko wangu naye alikuwa ananiuliza, "Frateri, lini unamaliza? Vigango vinakusubiri."

Nikaandika yote kwenye daftari: wapi wanahitaji nini, na mimi ningeweza kufanya nini. Yalifika mahitaji kumi na moja. Nikampelekea baba yangu wa kiroho. Alisoma taratibu, akafunga daftari, akaniambia, "Haya yote ni ya kweli. Ila hii ni orodha ya mahitaji, Frateri. Wito wako uko ukurasa gani?"

Nilikosa jibu. Makala hii inatokana na kulitafuta jibu hilo.

1. Vita ya jema na jema

Tumezoea kufundishwa kuchagua kati ya jema na baya. Hiyo ni ngumu kuitenda, lakini angalau inaeleweka. Shida inayomkuta kijana mwenye moyo wa kumtumikia Mungu ni nyingine kabisa: mbele yake kuna mema matano, na yeye ni mmoja. Akienda kwa wakimbizi, wale wa kando ya mto wanabaki bila padre. Akibaki jimboni, wazee wa Ulaya wanaendelea kufa bila sakramenti. Yoyote atakalochagua, kuna mtu atakosa.

Hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino alinisaidia sana. Anafundisha kwamba amri zinazokataza zinatufunga siku zote na kila dakika: hakuna saa ambayo unaruhusiwa kuua au kuzini. Lakini amri zinazoagiza kutenda jema zinatufunga siku zote, ila si kila dakika na kila mahali. Lazima jema litendwe kwa wakati wake, mahali pake, na namna yake. Kazi ya kuona hayo ni ya fadhila ya busara.

Hebu fikiri maana yake. Kuna siku unapita karibu na hitaji la kweli bila kulishughulikia, na hujatenda dhambi. Hujaumbwa uwe jibu la kila kilio. Mkombozi wa dunia ni mmoja, na nafasi hiyo imeshajazwa. Niliposikia hivyo darasani nilihisi mzigo ukishuka. Kumbe sehemu ya ile bidii yangu ilikuwa hofu tu: hofu kwamba nisipokwenda mimi, Mungu atashindwa.

2. Yesu aliacha watu mlangoni

Tazama Kafarnaumu. Jioni mji wote umekusanyika mlangoni, na Yesu anaponya wengi. Alfajiri, kungali giza, anatoka peke yake kwenda kusali. Simoni na wenzake wanamtafuta, na wakimwona wanampa taarifa kwamba watu wote wanamtafuta. Wewe ungejibu nini? Mimi ningerudi mbio. Hitaji lipo, watu wananitaka, na uwezo ninao.

Yesu anasema twende kwingine, katika miji ya jirani, kwa sababu hilo ndilo alilotokea. Bila shaka Kafarnaumu wagonjwa hawakuwa wameisha. Hakuwadharau. Lakini alipima hitaji lao kwa kile alichotumwa na Baba, na kipimo hicho alikipata katika sala kabla Simoni hajafika na habari zake. Ukweli ni kwamba wengi wetu tunafanya kinyume: tunamsikiliza Simoni kwanza, tunakubali, halafu tunaenda kusali ili Mungu aweke sahihi.

3. Paulo na milango miwili iliyofungwa

Mfano wa pili ni wa ng'ambo hasa. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri mkoa wa Asia. Roho Mtakatifu anawazuia. Wanajaribu Bithinia, hawaruhusiwi. Wanateremka hadi Troa, na huko usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia anayemsihi avuke awasaidie.

Kuna mambo matatu ya kuangalia hapa. Kwanza, Asia na Bithinia zilikuwa na hitaji la kweli. Wale watu hawakuwa wamesikia Injili. "Hapana" ya Mungu haikumaanisha kwamba hitaji lao lilikuwa la uongo.

Pili, maono alipata Paulo peke yake, lakini uamuzi haukuwa wa peke yake. Mwandishi anasema *sisi* ndio tuliohitimisha kwamba Mungu ametuita. Hata Paulo, pamoja na maono yake yote, alikaa na wenzake wakapima.

Tatu, na hili ndilo nililipenda zaidi: fuatilia kilichotokea baadaye. Asia aliyozuiwa kuingia, Paulo aliingia baadaye, akafundisha Efeso kwa miaka miwili, hata wote waliokaa mkoa ule wakalisikia neno (Mdo 19:10). Ile ilikuwa "bado". Na Bithinia? Fungua mwanzo wa Waraka wa Kwanza wa Petro uone majina ya mahali wanakoishi waamini anaowasalimu. Bithinia imo! Mungu alikuwa na watu wengine wa kuwapeleka. Hitaji ambalo Paulo aliliacha halikuachwa na Mungu.

4. Vipimo vya Mtakatifu Inyasi

Sasa, "salini mpate kujua" ni jibu sahihi lakini halitoshi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa na tatizo hili kwa vitendo: Wajesuiti wachache, maombi kutoka kila kona ya dunia. Katika Sehemu ya Saba ya Katiba za Shirika lake aliweka vipimo vya kuchagua mahali pa kutuma watu. Nimevigeuza kuwa maswali, kwa maneno yangu:

- Ni wapi hitaji ni kubwa zaidi, na watenda kazi wengine hawapo?
- Ni wapi kazi inaelekea kuzaa matunda zaidi?
- Ni wapi tuna deni la shukrani?
- Ni kazi gani itawafikia wengi zaidi kupitia wale utakaowahudumia?
- Ni ipi ya haraka, na ipi inaweza kungoja?
- Ni ipi matunda yake yatadumu?

Ona kwamba ukubwa wa hitaji ni kipimo kimoja tu kati ya vingi. Na hilo swali la deni linatugusa sisi. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, na wengi wao walikufa vijana kwa homa. Mwaka 1957 Papa Pio XII, kwa waraka wake *Fidei Donum*, aliwaomba maaskofu wa makanisa yenye mapadre wengi wawaazime wengine kwa utume, akiitaja Afrika kwa namna ya pekee. Mwaka 1969, Kampala, Papa Paulo VI akatuambia Waafrika kwamba sasa sisi wenyewe ni wamisionari wetu. Kanisa lililopokea namna hii haliwezi kukaa miaka yote na mikono ya kupokea tu.

Angalia pia jinsi mambo yalivyokwenda kwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Hakuwa chaguo la kwanza la kwenda India! Aliyepangwa, Bobadilla, aliugua mwaka 1540, na Fransisko akachukua nafasi yake ghafla. Mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, hapa hapa pwani ya kwetu, kisha akaendelea hadi Goa. Mwaka 1545 alikaa miezi kadhaa Mylapore, penye kaburi la Mtume Thoma, akiomba kujua kama aende mashariki zaidi. Na mwaka 1549 aliingia Japani, huku akiwaacha India Wakristo aliowabatiza mwenyewe na kuwapenda. Aliacha jema kwa ajili ya jema, na aliliacha mikononi mwa ndugu zake.

5. Je, ni Makedonia au ni majuu?

Nisiwe mnafiki. Baada ya miezi kadhaa baba yangu wa kiroho aliniuliza swali dogo: "Ungetumwa Chad, ungekwenda?" Nikanyamaza. Kati ya wale wageni watatu, ambaye picha zake nilizirudia usiku kwenye simu ni yule wa Ulaya. Nilikuwa nasema nawaonea huruma wale wazee. Ni kweli, niliwaonea. Lakini kulikuwa na theluji pia kwenye zile picha, na treni, na mimi nimevaa koti refu.

Yaani ng'ambo yenyewe ndiyo ilikuwa inaniita, na Yesu nilikuwa nimempa kazi ya kunitafutia viza.

Inyasi anatuonya kwamba mtu anayetaka kumpenda Mungu mara nyingi hajaribiwi kwa ubaya wa wazi, ila kwa kitu kinachoonekana chema. Tena naomba tuelewane: kutamani kuona dunia si dhambi, na utume wa Ulaya ni utume wa kweli. Lakini tamaa iliyojificha nyuma ya jina la Mungu itamchosha mtu majira ya baridi ya kwanza tu, na wale wazee wanastahili padre aliyetumwa kwao kweli. Kinyume chake pia kipo. Kuna anayebaki nyumbani akisema "hata hapa kuna shida", kumbe anaogopa kutoka.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alitamani kwenda monasteri ya Wakarmeli ya Hanoi, lakini afya haikumruhusu. Alikufa Lisieux mwaka 1897, akiwa na miaka 24. Akiwa ndani ya kuta zile aliwaandikia na kuwaombea watu wawili wa misioni, mmoja padre mmisionari na mwingine mseminari aliyejiandaa kwa misioni. Mwaka 1927 Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri. Mmoja alivuka bahari tatu, mwingine hakutoka. Kanisa limewaweka pamoja.

6. Ufanye nini basi?

Hatua hizi ni kwa yeyote: mseminari, sista mtarajiwa, muuguzi au mwalimu mlei anayefikiria kujitolea.

*Omba uhuru kwanza.* Mpaka uweze kusema kwa kweli "Bwana, huku au huko, ni sawa", usiamue. Kama huwezi kusema, omba neema ya kutamani kusema.

*Ondoa mapambo.* Toa theluji, toa sifa za nyumbani. Je, hamu bado ipo?

*Mshauri mgeni.* Inyasi anashauri umfikirie mtu usiyemjua mwenye hali kama yako. Ungemwambia achague nini? Kisha ufikirie saa ya kufa kwako: ungependa uwe umechagua lipi?

*Tazama muda.* Msisimko wa siku ya semina hupoa. Amani inayorudi miezi minane baadaye, siku huna hata hamu ya kusali, hiyo ichunguze vizuri.

*Pima wajibu ulio nao.* Wazazi, madeni, ahadi. Mungu hajipingi mwenyewe.

*Lipeleke kwa Kanisa.* Paroko, baba wa kiroho, mkurugenzi wa miito, askofu. Anayejituma mwenyewe hajatumwa.

Na mimi? Sasa niko mwaka wa kichungaji. Ile hamu ya Ulaya imepoa. Ya utume nje ya jimbo haijapoa, na siku hizi haina theluji. Nilimweleza mama, ambaye ni mjane na macho yake yanapungua. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, kama unaondoka kwa sababu umetuchoka, usiende. Kama umetumwa, nenda. Mimi nina Mungu huyo huyo." Sikulala usiku ule. Mwezi uliopita nimemwandikia baba askofu. Jibu bado. Akisema ndiyo, nitajua ni nani atakayekuwa karibu na mama, kwa sababu mdogo wangu nami tumeshaongea. Akisema hapana, nitasikitika, nitakwenda kwenye vigango vya paroko wangu, na nitajua kwamba Bithinia ina mtu wake.

Maswali ya kutafakari

1. Ni hitaji gani linaugusa moyo wako hata pale asipokuwepo mtu wa kukusifu?
2. Ni hofu gani, au tamaa gani, imejificha nyuma ya mpango wako?
3. Ni nani wiki hii utakayemshirikisha jambo hili kwa ukweli wote?

Sala

Bwana Yesu, mahitaji ni mengi na mimi ni mmoja. Nisamehe nilipotaka kuwa mkombozi badala yako. Nipe moyo huru wa kwenda na moyo huru wa kubaki. Mahali ambapo sitafika, mpeleke mwingine aliye bora kuliko mimi. Na mahali unaponituma, nikukute umeshafika. Amina.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, utuombee. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.