Vipimo vya Selimundu Wakati wa Ujauzito: Wazazi Waamue kwa Kuelewa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Wenza wanaogundua wakati wa ujauzito kwamba wote wana kinasaba cha ugonjwa huu hukabiliwa na swali gumu: je, mtoto apimwe akiwa bado tumboni? Kazi ya mtoa huduma ni kuwawezesha kujibu wenyewe, wakijua faida na madhara ya kila njia.

Jinsi ugonjwa unavyorithiwa

Mtoto huugua selimundu ya aina iliyoenea zaidi, SS, anaporithi kinasaba cha ugonjwa kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Aliyerithi kimoja tu, yaani AS, kwa kawaida haugui, ila anaweza kukirithisha. Kwa hiyo, kumlaumu mama peke yake hakuna msingi wowote.

Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa, asilimia 50 wa mtoto AS, na asilimia 25 wa mtoto AA, asiye na kinasaba hicho. Hapa ndipo wengi hukosea. Wapo wanaodhani kuwa, akishazaliwa mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya.

Hatua za upimaji

Hatua ya kwanza ni kupima damu ya wazazi wote wawili, na ni bora ifanyike kabla ya mimba kutungwa. Ikiwa mmoja ni AS na mwenzake ni AA, mtoto wao hawezi kuwa SS; hivyo hapana sababu ya kumpima tumboni.

Wote wakiwa AS, na huduma ikiwapo, sampuli huweza kuchukuliwa kwenye kondo la nyuma, kwa kawaida kati ya wiki ya 11 na ya 14, au kwenye maji yanayomzunguka mtoto kuanzia wiki ya 15. Mara nyingi hutumika sindano inayoongozwa kwa ultrasaundi. Mimba inaweza kuharibika kutokana na kipimo hicho, ingawa kwa mtaalamu mzoefu hatari inayoongezeka ni chini ya 1 kati ya 100. Ultrasaundi ya kawaida pekee haiwezi kuonyesha selimundu.

Majibu yatatumika vipi?

Kipimo hakitibu. Kwa baadhi ya wazazi, kujua mapema huwapa muda wa kujiandaa. Kwa wengine, huongeza hofu kwa miezi mingi. Wapo pia ambao majibu yangewafanya waulize kuhusu hatima ya mimba. Swali hilo lisikwepwe: lijadiliwe kabla ya kipimo, pamoja na yale ambayo sheria za nchi zinaruhusu.

Wasiokusudia kubadili chochote kutokana na majibu waelezwe kwamba mtoto anaweza kupimwa baada ya kuzaliwa, kwa matone ya damu ya kisigino, bila kuihatarisha mimba. Akibainika kuwa na ugonjwa, penisilini ya kinga inaweza kuanzishwa akiwa na umri wa miezi miwili hivi, apewe chanjo zote, na haidroksiyurea ifikiriwe kuanzia miezi tisa. Kusubiri, basi, si uzembe, mradi mtoto apimwe mapema.

Wajibu wa mshauri

Mshauri aeleze kwa lugha nyepesi, kisha awaombe wazazi warudie walivyoelewa. Ridhaa ya mjamzito isitolewe na mume, mkwe wala daktari kwa niaba yake. Aidha, azungumze naye faraghani kabla ya sampuli kuchukuliwa, kwa kuwa vipimo vya kurithi huweza kufichua kwamba baba anayedhaniwa siye mzazi. Anayekataa kipimo aendelee kuhudumiwa kwa heshima ileile.

Kabla ya kukubali au kukataa, wazazi waulize:

1. Kipimo hiki kitatuambia nini, na nini hakitatuambia?
2. Kina hatari gani kwa mimba?
3. Majibu yatatoka lini, na nani atayaona?
4. Tutafanya nini tukiambiwa mtoto ana ugonjwa?
5. Tusipopima sasa, mtoto atapimwa wapi akizaliwa?

Wakiwa bado hawajapata jibu la swali la nne, wapewe muda zaidi kabla sindano haijaandaliwa.